Kilichokuwa Ndani ya Makochi

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba, na zamu yetu ilipokaribia nilisimama mlangoni pa sebule yangu mwenyewe nikayatazama makochi kwa macho ya mgeni. Niliona aibu. Nyumba yetu ipo Somanda, hatua chache kutoka barabarani, na mwezi wa sita malori ya pamba hupita mchana kutwa yakifukuzana na bodaboda. Vumbi lao halibishi hodi. Makochi tuliyanunua yakiwa na rangi ya maziwa. Miaka mitatu baadaye yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na pale mtu anapoegemeza kichwa, chai ya rangi kabisa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nilikuwa likizo. Watoto wetu wawili walikuwa wamekwenda Shishiyu kwa wazazi wangu, kula viazi vya kuchoma na kusahau jedwali la kuzidisha. Nyumbani tulibaki watatu: mimi, mume wangu, na mama yake, ambaye wote tunamwita mayu, kama Wasukuma tunavyomwita mama. Mayu alikuwa ametoka kwake Sapiwi miezi minne nyuma kwa sababu ya presha. Daktari alitaka awe anafika kliniki kila mwezi, na katika ukoo mzima hakuna nyumba iliyo karibu na hospitali kuliko yetu.

Kila mmoja wetu alikuwa na mahali pake. Mume wangu alikalia kochi la mtu mmoja, lile linalotazamana na televisheni. Mimi nilikalia la watu wawili, upande wa jikoni, ili nisikie sufuria ikichemka. Mayu alichukua mwisho wa kochi refu, dirishani, anakoona nani anapita barabarani na amevaa nini. Mto wa mgongoni wa mahali hapo ulikuwa umelala kama mgonjwa, naye hakupenda sponji, akisema haina joto. Siku moja aliitoa, akaujaza mto pamba ya shamba lake mwenyewe aliyokuja nayo kwenye kiroba. Tangu hapo ulikuwa mto wake. Kila baada ya muda angefungua zipu, aingize mkono na kuichambua pamba. "Imejikunja," angesema.

Sasa niseme habari za nyumba ilivyokuwa siku hizo, maana bila hivyo nitaonekana nina roho mbaya kuliko niliyo nayo. Mwanzoni mwa mwaka mume wangu alipimwa akaambiwa sukari yake inaanza kupanda. Daktari alimwambia yeye aache sukari. Yeye akaiachisha nyumba nzima. Kopo la sukari liliondoka mezani, chai ikawa inanywewa kavu, na kila kikombe tulichokunywa kilisindikizwa na mahubiri kuhusu figo. Mume wangu ni afisa mifugo. Amezoea kuongea na watu ambao ng'ombe wao wanaumwa, na kwa hiyo hudhani kila mtu anaongea naye akiwa na hofu.

Mayu alipokuja, alikutwa na ugoro. Amenusa ugoro tangu mume wangu hajazaliwa. Lakini kliniki walikuwa wamemkataza, na mwanawe akachukua kikopo chake cha ugoro mbele yangu, akaenda nacho uani akakitupa chooni. Mayu alimtazama kama unavyomtazama ng'ombe aliyekukanyaga: unajua hakukusudia, lakini mguu unauma.

Na mimi? Mimi nilikuwa mtu mwema, isipokuwa kwa jambo moja. Kuna tamthilia moja ya Kituruki iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na ilikuwa ikionyeshwa saa ileile ya mpira. Mume wangu akishika rimoti haiachii. Kwa hiyo siku za mechi nilikuwa nazitoa betri za rimoti mapema, naweka zilizokufa, nabadilisha chaneli kwa kubonyeza vitufe vya televisheni yenyewe, naweka tamthilia yangu, kisha betri nazificha ndani ya kava la mto ninaokalia. Angekuja, angebonyeza, angeipiga rimoti kwenye kiganja, angeilaumu China. Vitufe vya televisheni hakuvifahamu. Kufikia wakati anatoka kwenda dukani kununua betri nyingine, mchezo ulikuwa umefika mapumziko, na mimi nimeshajua nani amemkana mtoto wake.

Siku niliyochagua kufua ilikuwa Alhamisi. Mume wangu aliondoka asubuhi na pikipiki kwenda vijijini kwenye chanjo. Mayu alikwenda kliniki kwa bajaji. Nilichota maji nikajaza mabeseni mawili na karai, nikafunga kanga kiunoni, nikaanza na kochi la mume wangu.

Kufungua kava la kochi si kazi, kazi ni kulirudisha. Unavuta zipu, unaipindisha sponji kidogo, inatoka. Nilivuta, nikaingiza mkono kushika kona, na vidole vyangu vikakutana na kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya daftari. Nikakitoa. Zilikuwa kashata za karanga, saba nzima na moja iliyong'atwa. Alama za meno nilizifahamu. Jino la mbele la mume wangu limepinda kidogo kuelekea kushoto, na lilikuwa limepinda vilevile kwenye ile kashata.

Nilikaa chini sakafuni nikacheka mpaka nikashika tumbo. Miezi sita ninakunywa chai kavu kwa ajili ya figo za watu!

Nikaenda kwenye mto wa mayu, sasa nikiwa na shauku ya polisi anayepekua. Nilitoa pamba fungu kwa fungu nikaiweka kwenye kiroba. Katikati kabisa, mahali ambapo kuku angetagia kama angeruhusiwa, kulikuwa na kikopo kidogo cha mafuta ya kujipaka. Nilikifungua. Nilipiga chafya tatu mfululizo, nikakifunga.

Ndipo nikageukia mto wangu, nikitabasamu, maana mimi nilijua changu. Betri mbili nilikuwa nimezitumbukiza humo Jumapili, wazi, kama zilivyo. Sasa nilizikuta zimefungwa kwenye kipande cha kitenge, kimeviringishwa vizuri na kukazwa kwa uzi, fundo dogo gumu kama la mtu anayehifadhi mbegu. Tabasamu lilinitoka. Kuna mtu anajua. Na huyo mtu hakusema neno, hakuzichukua, alizifunga tu na kuzirudisha, akaendelea kunywa chai pamoja nami.

Nilifua nikiwaza hilo. Niliyageuza makava nje ndani nikayakung'uta, na vumbi lililotoka lilitosha kupanda mchicha. Vilitoka pia vibanio vya nywele, kifuniko cha kalamu, na punje za mahindi ya kuchoma za tangu Krismasi. Maji ya kwanza yalikuwa na rangi ya uji wa ulezi. Nilisugua kona kwa brashi, nikakamua, nikasuuza, nikasuuza tena.

Jirani yangu, ambaye ni katibu wa jumuiya, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua wa michongoma. Ni mtu mwema anayependa kuhesabu.

"Umesuuza mara ngapi, mwalimu?"

"Mbili."

"Makava husuuzwa mara tatu. Sabuni hujificha kwenye pindo."

"Jua litamalizia," nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu anayeandika kitu kwenye daftari.

Kufikia saa nane jua na upepo wa kiangazi vilikuwa vimeyakausha makava, yakawa magumu kama karatasi. Vitu vya watu nilikuwa nimeviweka kwenye sufuria jikoni, chini ya mfuniko. Nia yangu, naapa, ilikuwa kukirudisha kila kimoja mahali pake na kunyamaza. Lakini nilipokuwa jikoni mbele ya ile sufuria, nikiwa na karatasi ya kashata mkono mmoja na kikopo cha ugoro mkono wa pili, wazo liliingia. Sitasema shetani alinisukuma. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu yangu.

Ugoro nikautia kwenye kochi la mume wangu.

Kurejesha kava hilo kulinitoa jasho. Lilikuwa limesinyaa kidogo, au sponji ilikuwa imenenepa kwa kufurahia uhuru. Niliikunja sponji katikati kama chapati, nikaiingiza mpaka mwisho, nikaiachia ifumuke ndani, kisha nikaanza kutafuta kona kwa ngumi. Kona tatu zilikubali, ya nne ikabaki tupu kama soksi. Nikatoa, nikaanza upya. Zipu nayo ikagoma.

Mayu alinikuta hapo, nimelikalia kochi kwa goti, nimeuma ulimi.

"Mwadila mayu," nikamsalimu.

"Mwadila." Hakukaa. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mto wake, ambao ulikuwa umelala mezani, kava tupu na kiroba cha pamba pembeni. "Umeufua na ule?"

"Nimeufua, mayu. Vumbi lilizidi."

"Na pamba uliitoa wewe?"

"Niliitoa kwa haraka haraka, wala sikuiangalia. Niliimimina tu kwenye kiroba." Mwalimu wa shule ya msingi anajua kudanganya kwa uso mkavu. Tunajifunza kwa wanafunzi.

Alipumua. "Zipu hiyo ipake mshumaa," akasema. "Hata kwetu hatuna zipu, lakini hilo nalijua."

"Mshumaa upo kabatini chumbani, mayu, naomba unisaidie."

Alipokwenda kuutafuta, nilikimbia jikoni, nikarudi na zile kashata, nikashindilia pamba nusu kwenye mto wake, nikaziweka katikati, nikajaza iliyobaki. Aliporudi mto ulikuwa umefungwa na mimi nimesharudi kwenye goti langu. Tulipaka zipu mshumaa. Mayu alikalia sponji kwa uzito wake wote huku mimi navuta, na tulipofika mwisho wote wawili tulipiga kelele kama watu waliomtoa ndama tumboni.

Mume wangu alirudi saa kumi, saa moja kabla ya kawaida yake. Aliona makava yanang'aa, na furaha haikuonekana usoni.

"Umefua leo? Mbona hukusema?"

"Nilitaka iwe zawadi kwako, baba."

"Ungesema ningesaidia," akasema mtu ambaye katika miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kusaidia hata kukunja shuka. Na papo hapo akaanza kusaidia kweli. Aliibeba ile mito iliyobaki kutoka uani, wa mayu akauhamisha kutoka mezani hadi mahali pake, akaupigapiga. Nilimwacha. Nilitaka mayu aone mikono ya mwanawe ikiushika ule mto, na aliona.

Tulikunywa chai saa kumi na moja. Mimi nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo ili nipate sababu ya kuinamisha kichwa. Mume wangu aliongea habari za chanjo, na huku akiongea mkono wake wa kushoto ukashuka taratibu ubavuni mwa kochi, ukaipata zipu, ukaingia. Maneno yakapungua mwendo. Mkono ukatoka na kikopo, akakitazama chini ya usawa wa meza, akakifungua kidogo. Akanusa. Akakifunga kwa pupa, akakirudisha kilikotoka, na macho yake yakapanda polepole kwa mama yake.

Mama yake naye wakati huo alikuwa amezama mpaka kiwiko kwenye pamba.

"Imejikunja, mayu?" mwanawe akamuuliza, sauti imekauka.

"Imejikunja," mayu akajibu. Alikuwa ameshika kitu, na nilijua vidole vyake vinasoma zile alama za meno. Yeye ndiye aliyelizaa lile jino. Alimtazama mwanawe muda mrefu.

"Makava umeyarudishia wewe peke yako?" mume wangu akaniuliza.

"Mimi na mayu," nikasema.

Hilo lilikuwa kweli tupu, na lilifanya kazi kuliko uongo wowote. Mume wangu aliamini kwamba mama yake amezikuta kashata zake, amezichukua, na badala yake amemwachia ugoro ili amwambie: najua. Mayu aliamini kwamba mwanawe ameukuta ugoro wake, ameuchukua, na badala yake amemwekea kashata, labda kumhonga. Kila mmoja alijiona amekamatwa, na hakuna aliyeweza kulalamika bila kwanza kueleza mkono wake ulikuwa unatafuta nini mle ndani.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa tamu kuliko sukari yote iliyoondoka mezani. Sijawahi kuona mtu na mama yake wakiheshimiana namna ile. Mahubiri ya figo yalikoma. Mayu naye aliacha ile tabia ya kuguna kila akionja chai kavu. "Chukua wewe kiti hiki, mayu, jua linakupiga." "Hapana mwanangu, kaa, umechoka." Ijumaa mchana niliusikia mto wa mayu ukifunguliwa, kisha nikasikia karanga zikisagwa taratibu na meno machache. Jioni aliniambia, bila kuulizwa, kwamba hajawahi kupenda vitu vitamu.

Jumamosi saa kumi jumuiya ikaja, watu kama kumi na watano, wengine tukawapa mikeka. Mwenyekiti wetu ni mzee mnene mwenye duka la pembejeo, na mtu mnene mwenye cheo hupewa kochi la baba mwenye nyumba. Mume wangu alimkaribisha kwa mikono miwili kabla hajakumbuka. Nilimwona akikumbuka. Midomo yake ilifunguka, lakini ungesema nini? Mwenyekiti alijiachia kwenye kochi, na kochi likapumua: fuuu.

Sikuwa nimefikiria habari ya mfuniko wa kikopo. Mume wangu, kwa pupa ile ya Alhamisi, hakuukaza.

Tulianza rozari. Tendo la kwanza lilipita salama. Kwenye la pili mwenyekiti alijiweka sawa, kochi likapumua tena, na katikati ya Salamu Maria alipiga chafya iliyoamsha kuku wa jirani. "Pole, mwenyekiti," wakasema watu. Akaendelea. Akapiga nyingine. Kila chafya ilimrusha juu, na kila alipotua kochi lilitoa pumzi nyingine, na pumzi hiyo ilileta chafya mpya. Mama aliyekaa kwenye kigoda kando yake akaanza naye. Kisha katibu, jirani yangu. Kufikia tendo la nne sala ilikuwa inakwenda kwa vipande, watu wanapokezana kama timu, anayeweza kusema anasema na anayepiga chafya anangoja. Mume wangu alikuwa amefumba macho kwa nguvu, mtu angedhani ni uchaji. Mayu alikuwa ameinamia rozari yake na mabega yanamtikisika.

Baada ya sala ya mwisho mwenyekiti alifuta macho kwa leso. "Nyumba hii ina kitu," akasema.

Ndipo katibu akasimama.

"Ni sabuni," akatangaza. "Alhamisi nilimwona mwalimu akifua makava. Nilimuuliza amesuuza mara ngapi. Akasema mbili!"

Kina mama wote wakanigeukia. Mbili? Makava ya makochi? Mmoja alivuta pindo la kochi alilokalia akalinusa, akasema eeh, sabuni yenyewe hii hapa. Mwingine alinieleza, kwa upendo, kwamba maji ya mwisho lazima yabaki meupe kiasi cha kuona sarafu chini ya beseni. Nilifundishwa kusuuza kwa muda wa robo saa, mbele ya wanaume, mimi niliyefua tangu nina miaka saba kwenye lambo la Shishiyu. Na sikuweza kujitetea, kwa sababu kila utetezi ulikuwa na kikopo ndani yake.

"Hata mimi nilimwona," mayu akaongeza, yeye aliyekuwa kliniki wakati nafua, uso mtulivu kama maji ya mtungini. "Huyu mkwe wangu ana haraka. Hasuuzi."

Nikasema asanteni, nitajirekebisha. Mume wangu, ambaye angeweza kuniokoa, aliuliza nani anaongezewa chai.

Jumapili baada ya misa mayu aliniita barazani, alikokuwa anamenya karanga. Akanionyesha mahali pa kukaa.

"Wale kina mama wamekufundisha vizuri?"

"Wamenifundisha, mayu."

"Kashata zilikuwa saba na nusu."

Nikachukua karanga, nami nikaanza kumenya.

"Mwanzoni nilidhani ni mwanangu," akasema. "Nikawaza siku mbili. Kisha nikajiuliza, mwanangu ameanza lini kufunga zipu? Yule hata suruali hukumbushwa." Akavunja karanga. "Betri zako nilizifunga mimi. Betri ikikaa wazi inatoa maji, inakula nguo. Hapo unapokalia ingekula na wewe."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Mpira ukionyeshwa anapiga makelele humo ndani kama anafukuza fisi. Presha yangu inapanda. Ukiziondoa betri, napumzika." Akanitazama. "Lakini tamthilia yako nayo, yule mwanamke ni mjinga. Angerudi kwao."

Nilicheka, naye akacheka, tukawa tunasukumana mabega kama wasichana kisimani. Kisha akaacha kucheka.

"Unajua kwa nini niliuweka ugoro kwenye mto? Chumba ninacholala kina nguo za wajukuu. Kabati lina daftari zako. Jikoni ni kwako. Nikatafuta mahali humu ndani ambapo ni pangu, nikaona ile pamba tu. Ile niliilima mwenyewe."

Miezi minne nilikuwa nampa chakula cha moto, maji ya kuoga, shuka safi, na sikuwahi kumpa hata droo. Nilimwambia nisamehe, mayu. Akasema utamweleza mumeo yote, wewe, si mimi, na utamweleza leo.

Nilimweleza kwenye chai ya jioni. Habari ya kashata aliipokea kwa kutazama vidole vyake. Habari ya ugoro aliicheka kidogo. Nilipofika kwenye betri alisimama.

"Mechi zote zile?"

"Si zote."

"Nimeinunulia rimoti ile betri mpaka muuza duka ananiuliza kama nina redio za kukodisha! Nilikwenda kwa fundi! Fundi akaniambia ni nzima, nikamwona mwizi!" Akamgeukia mama yake. "Mayu, unasikia huyu?"

"Nilikuwa najua," mayu akasema. "Kaa chini."

Alitutazama wawili kwa zamu, kama mtu aliyegundua kwamba wezi wa mifugo wanalala kwenye zizi lake. Alikasirika kiasi cha kutoka nje. Tulimsikia akizunguka uani, akilisukuma dumu kwa mguu. Aliporudi alikuwa amebeba kopo la sukari. Siku zote hizo lilikuwa kwenye boksi la dawa za mifugo. Akaliweka mbele yetu. "Nyinyi kunyweni," akasema. "Mimi ndiye niliyekatazwa." Kisha akainama kwa mama yake, akamwomba radhi kwa kile kikopo alichokitupa chooni. Hakusema maneno mengi. Mayu alimshika kichwa akamshukuru, "Wabeja, mwanangu," na kwenye kliniki iliyofuata alimwambia muuguzi mwenyewe, bila kushikiwa fimbo, kwamba ugoro anao bado. Muuguzi hakumgombeza. Walikubaliana apunguze, na amepunguza, nadhani.

Kesho yake nilitoa daftari zangu kwenye droo ya juu ya kabati, nikaifuta, nikatafuta ufunguo wake, nikampelekea mayu. Aliupokea kwa mikono miwili, akaifungua droo, akaifunga, akaifungua tena. Alipendezwa. Lakini baadaye alinirudishia ufunguo.

"Ni nzuri," akasema. "Ila nitaficha nini humo, na kila mtu anajua ndipo ninapofichia?"

Tukakubaliana ufunguo abaki nao hata hivyo, kwa heshima.

Siku hizi nikitaka kufua makava natangaza siku moja kabla, wakati wa chai, kwa sauti ya kusikika. Halafu naingia jikoni kuosha vyombo, nagongagonga masufuria kuliko inavyohitajika, nikiwapa watu nafasi. Nasikia zipu moja, kimya, kisha zipu nyingine. Wakishamaliza wote mayu hukohoa mara moja, nami nafunga bomba, najipangusa mikono na kwenda kuchukua changu.